Mipira Tisa ya Naserian

Mwaka huu nimestaafu vyote viwili, ualimu na meza. Kuhusu ualimu sina la kuwaambia. Wapo wengi walioufanya vizuri kuliko mimi. Ninachotaka kuandika ni cha meza, ile meza ndefu pembeni mwa uwanja wa mpira wa kikapu, ambako mmoja anashika saa, mwingine anaandika faulo, na sisi watakwimu tunaandika kila mchezaji amefanya nini na kila mpira. Ninyi mnaoketi pale sasa mmeniomba niwaachie maneno. Baadhi yenu mmeniomba pia nisiwe mkali. Hilo la pili nitajaribu.

Nimezaliwa Rhotia, kwenye familia ya mahindi na maharage, nikapangiwa kufundisha hisabati katika sekondari ya bweni ya wasichana mjini Karatu. Timu ya kikapu nilipewa kwa sababu nilikuwa mgeni na kazi zisizotakiwa na mtu hupewa mgeni. Siku ya kwanza kukaa mezani nilikuwa nimewapeleka wasichana wangu Arusha kwenye mashindano ya mkoa. Tulitolewa asubuhi. Mchana mtakwimu mmoja akaugua tumbo, na mkuu wa meza, Mzee Kinabo, karani mstaafu wa posta, akauliza kwa sauti jukwaani kama kuna mwalimu wa hisabati. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Sikuwa hata nimeketi vizuri, refa mmoja akanisogelea.

"Dada, chai yetu iko wapi?"

"Sijui," nikamwambia. "Mimi nimekuja kuandika."

Mzee Kinabo hakucheka, ila alikivuta kiti changu karibu na chake, na hapo nikakaa misimu mingi.

Alinifundisha kwamba kazi hii ni ya watu wawili. Mmoja anaona na kutamka, akiwataja wachezaji kwa namba za fulana, mwingine anaandika. Anayeona hashushi macho hata inzi akimtua puani, na anayeandika hainui macho hata uwanja ukilipuka kwa kelele. "Sita ametupa, amekosa. Ribaundi kumi na moja." Unaandika. "Kumi na moja pasi, tisa amefunga, asisti kumi na moja." Unaandika. Alitukataza vifutio. Ukikosea unapiga mstari juu ya kosa, ili anayesoma aone kwamba ulikosea na aone ulivyorekebisha. Mimi nilizoea kuchomeka penseli za akiba kwenye nywele, na mpaka leo wajukuu wangu wanazitafuta humo.

Viwanja vyetu vya Karatu vilikuwa vya udongo. Upepo ukivuma unaweka jiwe juu ya karatasi, na wakati mwingine mawe yanazidi karatasi. Namba za fulana tulizibandika kwa plasta. Nakumbuka mechi moja ambayo jasho lilibandua mkia wa tisa mgongoni mwa msichana mmoja, akabaki na kitu kama sifuri, na meza nzima ikasimama kumtafuta mchezaji asiyekuwepo. Baadaye zikaja kompyuta. Nilizipokea vizuri, na bado nilikuja na karatasi zangu, kwa sababu umeme wa kwetu hauulizi kama robo ya nne imekwisha.

Pointi hazina ubishi, kila mtu anaziona zinaingia. Ugumu upo kwenye asisti, yaani pasi iliyozaa pointi, na zaidi upo kwenye mipira inayopotea. Mpira uliopotea una mwenyewe. Pasi ikimfikia mwenzako mikononi akaiachia, kosa ni lake. Pasi ikimfikia magotini, au nyuma ya mgongo, au kabla hajageuka, kosa ni la aliyeitoa. Huwezi kuandika kwamba mpira ulipotea wenyewe. Na kosa unalomwondolea mmoja lazima umtwike mwingine, kwa sababu jedwali halina mahali pa kulitupa. Shikeni hilo, maana ndilo lililonigharimu.

Naserian alikuja shuleni kwetu kutoka Oloipiri, juu kule Loliondo, kwa ufadhili wa wamisionari. Siku za kwanza hakusema na mtu. Alikuwa mwembamba, mwenye mwendo wa mtu aliyezoea kutembea na mifugo kutwa nzima bila kuchoka. Siku moja mpira ulimgonga begani akiwa anapita na ndoo. Akaweka ndoo chini, akauokota, akautupa kwa mkono mmoja kumrudishia mwenye nao, mbali kabisa. Ukafika kifuani. Nikamwita.

Alikuwa mtoa pasi wa kuzaliwa. Aliona nafasi kabla haijafunguka. Kidato cha tatu aliitwa kambi ya timu ya taifa ya wasichana, na Karatu yote ikawa yake. Mjomba wake Lazaro, dereva wa watalii, alikuwa akiwaonyesha wageni picha yake kabla ya kuwaonyesha kreta ya Ngorongoro. Mzee Hamisi, mwenye duka la nguo na viatu pale mjini, alimpa raba nzuri kuliko zote dukani kwake na kubandika picha yake ukutani. Wainjilisti, waendesha bodaboda, wauza vitunguu wa Mang'ola waliokuwa wakipitisha malori mjini, wote walimjua. Mtoto wa wafugaji, nasi wakulima tulikuwa tunamgombea tumwite wetu.

Ndipo ikaja mechi ya kimataifa, Arusha, timu yetu ya taifa ya wasichana dhidi ya ile ya nchi jirani. Nchi yenyewe siitaji. Walitufunga na wameshafurahi vya kutosha. Jukwaani alikaa kocha wa chuo kimoja cha ng'ambo, amekuja kutafuta mchezaji mmoja wa kumsomesha. Ilijulikana kwamba macho yake yako kwa Naserian. Mkuu wa watakwimu siku hiyo nilikuwa mimi. Mzee Kinabo alikuwa ameshafariki, na hakukuwa na mtu wa kuniuliza kama nafaa kuandika mchezo wa mtoto wangu wa shule. Nilijiuliza mwenyewe nikajijibu kwamba nafaa.

Dakika za mwanzo alicheza kama kawaida yake. Kisha wale jirani wakagundua jambo ambalo sisi Karatu tulikuwa tukilifumbia macho kwa mapenzi: Naserian alikuwa hana mkono wa kushoto. Wakamsukumia huko. Kila alipokimbia na mpira walimfungia kulia, na kila alipotoa pasi kwa kushoto ilikuwa inaelea, au inafika magotini. Aliyekuwa anapokea nyingi ya hizo pasi ni Rehema, msichana mrefu aliyetokea Tabora, mkimya, asiye na ndugu hata mmoja jukwaani. Nilikuwa natamka, mwenzangu anaandika. "Nane, pasi mbaya, mpira umepotea. Nane, pasi mbaya." Nane alikuwa Naserian. Sauti yangu nilikuwa naisikia kama ya mtu mwingine, lakini sikuibadilisha.

Tulifungwa. Naserian alitoka na pointi kumi na nne, asisti chache na mipira tisa iliyopotea.

Kabla jedwali halijachapwa, meneja wa timu aliinama juu ya meza mpaka nikasikia harufu ya bigijii aliyokuwa akitafuna.

"Madam, hizi tisa za Naserian si nyingi mno? Nyingine Rehema ndiye aliyeziachia."

"Zilimfika wapi?"

"Zilimfika tu."

"Zilimfika magotini."

"Mtoto wako mwenyewe, Madam!"

"Najua ni wa nani," nikamwambia, na kuchapa.

Nilidhani yameishia pale. Sikujua kwamba kocha wa ng'ambo ameomba jedwali rasmi limfikie mwisho wa wiki, baada ya mkuu wa watakwimu kupitia video na kurekebisha kama kuna la kurekebisha. Karatu walijua kabla yangu.

Jumapili, baada ya misa, wakaja nyumbani kwangu Rhotia watu watatu: mkuu wangu wa shule, Lazaro na Mzee Hamisi. Nikawawekea chai. Walisifia mahindi yangu, wakaulizia wajukuu, mpaka Lazaro akachoka.

"Madam, tumekuja kwa ajili ya mtoto. Wewe ndiye wa kurekebisha. Mipira minne tu ikienda kwa yule Rehema, binti anaondoka. Minne, Madam. Nani atajua?"

"Video nimeipitia jana mara mbili. Yote tisa ni ya Naserian."

"Kuna mmoja ulimgusa Rehema vidoleni," akasema mkuu wa shule. "Hata mimi nimeuona."

"Ulimgusa vidole vya miguu, mkuu."

Mzee Hamisi alikuwa mtu wa taratibu, sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Akaweka kikombe chini. "Mwalimu, huyu mtoto ni wa watu wasio na kitu. Mlango kama huu haufunguki tena. Wewe unataka ufungwe kwa ajili ya penseli?"

Neno lile liliniuma kuliko yote, kwa sababu halikuwa la hila. Alimpenda yule mtoto. Mimi pia. Usiku uliotangulia nilikuwa nimekaa mbele ya video nikitafuta, kwa moyo wote, hata mpira mmoja ambao ningeweza kumpa Rehema bila kusema uongo. Sikuupata.

"Mzee wangu," nikamjibu, "Rehema naye ana watu wake Tabora. Waleteni hapa. Mkae nao kwenye viti hivi hivi, muwaeleze kwamba mtoto wao anatwikwa makosa manne kwa sababu hana mjomba mjini Karatu. Wakikubali, nitaandika."

Lazaro akasimama.

"Madam, wewe kweli ni mtu wetu?"

"Ni mtu wenu. Maliza chai."

Hakumaliza. Jedwali lilikwenda kama lilivyokuwa, na yule kocha akamchukua mchezaji wa upande wa pili.

Nisiwadanganye vijana wangu kwamba baada ya hapo watu walinielewa. Mkuu wa shule alininyang'anya timu, akampa mwalimu mgeni aliyekuwa hajawahi kushika mpira, na naye akapokea kwa sababu zile zile nilizopokea mimi. Mama mmoja wa kwaya, tuliyekuwa tunaimba sauti moja, alihamia mstari wa nyuma ili asisimame karibu yangu. Sokoni nilikuwa nasikia: "Huyo ndiye." Dukani kwa Mzee Hamisi nilisalimia, na salamu yangu ikabaki hewani kati ya mashuka na kanga. Nikaendelea kupita pale na kusalimia. Hakuitikia, nami sikuacha.

Meza ya taifa nayo ikanisahau. Meneja alikuwa amenisemea kwamba mimi ni mgumu, sishauriki. Msimu uliofuata palikuwa na mechi ya taifa Arusha na sikuitwa. Nikapanda basi, nikalipa kiingilio kama mtu yeyote, nikakaa jukwaani na ubao wangu wa kuandikia magotini, nikaandika mchezo mzima peke yangu, kuona na kuandika, kitu ambacho Mzee Kinabo asingekipenda. Kijana mmoja mwenye beji akaja.

"Mama, hapa hairuhusiwi kuandika."

"Kwa sheria gani?"

"Nimeagizwa."

"Mwambie aliyekuagiza aje na sheria. Nimelipa kiingilio. Kama wenzangu wanaruhusiwa kupiga vuvuzela, mimi naruhusiwa penseli."

Akaondoka, na hakurudi yeye wala sheria. Nilifanya hivyo mechi baada ya mechi. Mnaniuliza nilikuwa naandika kwa ajili ya nani. Kwa ajili ya kukataa. Walitaka nikae nyumbani nikijutia, na sikuwa na la kujutia.

Naserian mwenyewe sikumwona mpaka likizo ilipokwisha. Alikuja moja kwa moja Rhotia kwa bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuniamkia. Kwa mtoto wa Kimaasai kusimama mbele ya mtu mzima bila kuinamisha kichwa aguswe ni kama kofi.

"Madam, nataka kuiona."

"Kuona nini?"

"Hiyo mipira tisa. Nyumbani baba amesikia habari ya mipira tisa, ananiuliza nimeiba nini, nashindwa kujibu. Sijui nimeshtakiwa kitu gani."

Tukawasha kompyuta mezani jikoni, tukaitazama mechi. Nilikuwa namsimamishia kila mpira. Wa kwanza akasema, "Huo si wangu." Nikaurudisha, akauona tena. Wa pili akasema aliyemsukuma hakupigiwa filimbi, na hapo alikuwa na haki ya kulalamikia refa, ila mpira ulikuwa umeshamtoka kabla ya kusukumwa. Wa tatu aliniomba mwenyewe niurudishe. Wa nne akasogea karibu na kioo. Kufikia wa sita akawa anasema mwenyewe kabla haujatokea: "Hapa tena. Hapa wananipeleka kushoto." Ulipokwisha wa tisa aliweka mikono kwenye meza, akiutazama ule wa kushoto kama kitu alichokiokota njiani.

"Wote walijua?" akauliza. "Shuleni, wote mlijua?"

"Tulijua."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Ulikuwa unatufungia pointi. Hakuna aliyetaka kukuambia."

Akalia hapo, kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimwacha alie. Alipomaliza aliuliza kama nina mpira. Nilikuwa nao, umechakaa, haudundi sawasawa. Akaenda kuugonga kwenye ukuta wa ghala langu la mahindi kwa mkono wa kushoto mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Mkono wa kulia alikuwa ameufunga mgongoni kwa kanga yangu.

Hakurudi kuwa nyota. Nasema hivi kwa sababu watu hupenda hadithi imalizike na kombe. Aliitwa timu ya taifa mara nyingine, akakaa benchi zaidi ya alivyocheza, na alipoingia hawakuweza tena kumsukumia kushoto. Ng'ambo hakwenda. Alisomea ualimu, akaomba apangwe wilaya ya Ngorongoro, akarudi kwao. Karatu bado wapo wanaosema nilimfungia mlango. Nawaambia hivi: mlango ule ulifungwa na mabeki wa nchi jirani, kwa kazi nzuri, na mimi niliandika. Meza ya taifa iliniita tena uongozi ulipobadilika, wakanikuta sijalegea, wakazoea.

Mechi yangu ya mwisho kuandika haikuwa ya taifa. Naserian alinipigia simu. "Madam, shikamoo. Nina timu huku Oloipiri. Tunacheza na wenzetu wa Karatu. Sina mtu wa kuandika." Kutoka kwangu kwenda Oloipiri ni kupita ukingo wa kreta kwenye ukungu, kushuka nyikani, na kula vumbi mpaka mwili unasahau ulikotoka. Nilikwenda.

Uwanja wao ni udongo uliosawazishwa kwa majembe, nguzo za mbao, hupu, zile pete za chuma, zilizochomelewa na fundi wa mji jirani wa Wasso. Wazazi walikuja na shuka zao, vijana wakasimama na simu na fimbo. Nahodha wa Naserian, msichana anayeitwa Nashipai, alianza kwa mbwembwe na kumaliza kwa kupoteza mipira hovyo. Wakafungwa vibaya. Nikampa Naserian karatasi nikidhani ataikunja mfukoni. Akawakusanya wasichana wake chini ya hupu, mbele ya wazazi, akasoma yote kwa sauti, mazuri na mabaya, jina kwa jina, kwanza kwa Kiswahili kisha kwa Kimaa, lugha ya kwao. Alipofika kwa Nashipai akasoma mipira iliyopotea na hakuharakisha.

Kaka yake Nashipai, kijana aliyekuwa akirekodi kwa simu, akapasua kundi la watu akaja mbele. Alikuwa ananinyooshea mimi fimbo.

"Mwalimu, huyu mama tunamjua! Si ndiye aliyekuharibia wewe?"

Wazazi wakanigeukia wote. Nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki, nimechoka, penseli kichwani, na sikuwa na nia ya kujitetea.

Naserian hakuinua kichwa kutoka kwenye karatasi.

"Ndiye," akasema. "Ndiyo maana nimemwita." Akatafuta mstari alioishia, akaendelea kusoma.